Mizani ya Alizeti na Kigari cha Rehema

Marahaba, wanangu, marahaba. Kaeni, ila si kwenye hilo tairi, lina grisi. Najua mmefuata nini. Kila kijana anayefika hapa kwangu Utemini huanza na swali moja: "Mzee, nikitaka kigari changu kiwe na mbio, nifunge injini gani?" Hakuna anayeuliza kigari kiwe na uzito gani, au uzito huo ukae wapi. Siku atakapotokea mmoja akaanza na hilo, nitamchinjia jogoo, na mnajua jogoo wa Singida hachinjwi ovyo.

Mimi nimestaafu. Magoti yamekataa kuchuchumaa, na fundi wa vigari asiyeweza kuchuchumaa anabaki kuwa mtazamaji kama watazamaji wengine. Mdomo bado mzima, kwa hiyo nisikilizeni. Haya ninayosimulia si ya enzi za babu yangu. Baadhi yenu mna video zake kwenye simu, mnaziangalia na kucheka bila kuelewa mnachokiona.

Kwa mgeni ambaye hajawahi kufika kiwanjani kwetu, kigari ni fremu ya mabomba yenye matairi manne madogo, injini ya pikipiki imefungwa kulia kwa dereva, na dereva amekaa chini karibu aguse ardhi. Hakina springi. Jiwe ukilikanyaga unalisikia kwenye meno. Tunashindana pembeni ya mji, kwenye njia ya vumbi yenye umbo la yai, na tunazunguka kwa kukata kushoto tu. Hakuna kona ya kulia. Ukimwona mtu anakata kulia, ujue anakwenda shambani kwa watu.

Na kweli wapo waliokwenda shambani. Mwanzoni hatukuwa na sheria ya injini, kila mtu alifunga alichopata. Bwana mmoja fundi wa guta, jina lake nalihifadhi kwa sababu siku hizi ni mzee wa kanisa, alichukua injini ya guta, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea matofali, akaifunga kwenye fremu nyepesi kama baiskeli. Sisi wote tuliitazama ile injini kwa wivu. Bendera iliposhuka akakamua mafuta, matairi ya mbele yakainuka juu. Alizungusha usukani kwa bidii zote, lakini tairi lililo hewani halimpeleki mtu popote. Akanyooka moja kwa moja hadi kwenye alizeti za mama mmoja, akaingia upande huu na kutokea upande ule, na ua zima la alizeti limekaa juu ya kofia yake. Mwenye shamba hakuona cha kuchekesha.

Baada ya hapo tukakubaliana: injini za aina moja, zile za bodaboda, basi. Tukajipongeza sana. Tulidhani tumemaliza habari ya haki.

Sasa nawaleta kwa Rehema. Rehema ni fundi wa kuchomelea, ana karakana ya mageti na madirisha mjini, na nusu ya vigari vya kiwanja kile fremu zake amezichomelea yeye. Ni mrefu, ana mwili mkubwa, na akiingia kwenye kigari hujifunga hijabu vizuri kabla ya kuvaa kofia ya chuma, halafu huuliza kwa sauti nani leo anataka kula vumbi lake. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, kama binti yangu. Kulikuwa na tatizo moja tu. Vumbi alikuwa analila yeye.

Kiwanja chetu ni chembamba. Upande mmoja kuna yale mawe yetu makubwa, ambayo hata katapila lilishindwa. Njia inatosha vigari vinane. Kwa sababu hiyo tulijiwekea desturi: anayemaliza msimu akiwa mkiani kwa jumla ya mbio zote anaachia nafasi yake mtu mpya, naye anarudi kwenye foleni. Foleni ni ndefu, mtu anaweza kukaa misimu miwili akitazama. Desturi nzuri, sote tuliipigia makofi, mpaka msimu ule tulipoona inamwelekea Rehema.

Siku moja baada ya mbio nilimkuta amekaa kwenye tairi la akiba.

"Rehema, injini yako nzima. Nimeisikiliza mwenyewe."

"Najua ni nzima, mzee. Kasoro ni mimi." Akajipiga paja. "Nikitoka msimu huu sirudi kwenye foleni. Kigari nakikata, mabomba nayafanyia geti."

Alicheka alipolisema hilo, nami kile kicheko sikukipenda. Nilikwenda nyumbani nimekasirika, na mke wangu akaniuliza nimekasirikia nini.

Jibu lilikuwa wazi. Injini zilikuwa sawa lakini mizigo haikuwa sawa. Injini ya Rehema ilikuwa inamvuta yeye, na injini hiyo hiyo kwa Deo ilikuwa inavuta kijiti. Deo ni kijana wa Mgori, mkulima, mwembamba kiasi kwamba kwao wakati wa upepo walimtania ashike mti. Alikuwa dereva wa hovyo kuliko wote, Mungu anisamehe, lakini kwenye njia iliyonyooka aliondoka kama kitu kilichorushwa. Makosa yake yote ya kwenye kona aliyafidia hapo, na ndiyo maana walikuwa wakibanana mkiani yeye na Rehema.

Kwenye kikao nikasimama nikasema madereva wapimwe uzito, na mwepesi aongezewe chuma mpaka alingane na wenzake. Ungedhani nimetukana! "Mtu mzima apimwe mbele za watu kama gunia la alizeti?" akafoka mmoja. Wengine wakasema hospitali ipo, anayetaka kupimwa aende huko. Nilidhani wanene ndio watakaopinga. Wapi! Waliopiga kelele zaidi ni wembamba. Deo alisimama akasema, "Mzee, shikamoo, lakini mama yangu akizisikia kilo zangu ataniita nyumbani nikale, nisitoke tena." Watu walicheka. Rehema peke yake alikaa akiangalia viatu vyake, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimeomba kitu kizito kuliko nilivyofikiri. Mwanaume akitajwa kilo zake anataniwa wiki moja. Yeye wangemtania mpaka harusini.

Aliyetuokoa ni Mama Rehema. Mama huyu ananunua alizeti kwa wakulima, ana mizani kubwa ya chini uani kwake, na anaogopwa na madalali wote kwa sababu hapunji na hakubali kupunjwa. Alikuja kikaoni kumchukua binti yake, akatusikia tukibwatuka kama mnadani.

"Mnabishana nini? Mkulima akileta mzigo siumwagi chini kwanza. Napima na gunia lake. Na nyie pimeni mtu na kigari chake. Akae humo, amevaa kofia yake na buti zake, mafuta yakiwa kwenye tangi. Nani atajua kipi chake na kipi cha kigari?"

Ndivyo tunavyofanya hadi leo, kigari na dereva wake pamoja, kwa mizani yake inayoletwa kiwanjani, kabla ya mbio na baada ya mbio, na ukikutwa chini ya kiwango baada ya mbio, matokeo yako yanafutwa. Baadaye tukaruhusu na injini kubwa, kwa sharti kwamba mwenye nguvu zaidi abebe chuma zaidi. Bwana wa guta alirudi kwa sharti hilo, na siku hizi matairi yake ya mbele yanakaa chini kama ya Wakristo wengine.

Kiwango cha injini zetu za bodaboda tulikiweka jirani na uzito wa vigari vizito zaidi. Rehema hakuhitaji kuongeza hata msumari. Wengine wote walitafuta nyongeza, na hapo nikaona maajabu. Mmoja alifunga jiwe kwa kamba. Singida mawe hatukosi, lakini jiwe la duara kwenye kigari kisicho na springi lina safari zake, na lile lilikata kamba likamtangulia mwenye kigari kwenye kona. Deo akawazidi wote. Mgori kwao chuma hakuna, alizeti ipo, basi akafunga kiroba cha alizeti nyuma ya kiti. Kwenye mizani kilikaa vizuri kabisa. Njiani, kila akikata kushoto, mbegu zinahamia kulia, na kila zikihamia kulia kigari kinavutwa nje. Kila mzunguko alipita mbali zaidi na ule uliotangulia. Halafu kiroba kikapasuka. Kuku wa nyumba za jirani hawakungoja kuitwa. Waliingia njiani kwa vifaranga na majogoo yao, mbio zikasimamishwa, na madereva wa Singida wakamaliza mchana ule wakifukuza kuku wakiwa wamevaa kofia za chuma. Hiyo ndiyo ile video mnayoicheka.

Kwa hiyo shikeni hili. Nyongeza iwe kitu kigumu kisichomiminika wala kubiringika. Vipande vya bapa vya chuma, vimetobolewa, bolti imepita katikati, nati mbili juu yake ili ya kwanza isilegee kwa mtetemo. Mnajua aliyemkatia Deo vipande vyake vya bapa baada ya siku ya kuku? Rehema. Alimkatia, akamtobolea, akampa na bolti. Nilimwuliza kama anajua kwamba huyo ndiye anayegombea naye nafasi. Akaniambia, "Mzee, nikimshinda nimshinde akiwa na kigari."

Tukaanza mbio na uzito sawa. Nilikuwa nimevaa shati safi siku hiyo. Rehema akawa wa mwisho.

Mbio zilizofuata, wa mwisho tena. Sasa kisingizio hakuna. Watu wakaanza kusema chini chini kwamba kumbe hajui kuendesha, na nadhani naye alianza kuamini. Ilibaki mbio moja. Kwa jumla alikuwa sare na Deo mkiani, yaani atakayetangulia kati yao anabaki, mwingine anatoka.

Hapo ndipo nikamkumbuka Mzee Msengi, aliyenifundisha kazi kwenye machimbo ya Sekenke nilipokuwa kijana. Tulikuwa tunahudumia karasha, mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Karasha moja ilikuwa inatetemeka hadi inang'oa bolti. Mwenye mashine akanunua bolti nene, zikang'oka. Akanunua nene zaidi. Mzee Msengi alifika, akavua kofia, akaweka kiganja kwenye injini kama mtu anayempima mtoto homa, halafu akatuambia tuisogeze injini upana wa kiganja kile kile. Mashine ikatulia. Hakuongeza kitu, hakupunguza kitu. Nilipomwuliza alijuaje, alinijibu kwamba nami nikiacha kuongea sana nitajua.

Nikamwita Rehema uani kwa mama yake na kigari chake. Mnaotaka kujifunza, kazi ndiyo hii. Weka matairi mawili ya upande mmoja juu ya mizani, na mawili mengine juu ya mbao au matofali yenye kimo kile kile, kigari kisilale upande. Soma. Geuza, pima upande wa pili. Halafu pima mbele, kisha nyuma. Dereva awe ndani, mikono kwenye usukani, macho mbele. Hilo la macho ndilo gumu kuliko yote. Kila dereva hutaka kuchungulia mshale wa mizani, na akichungulia anainama, na akiinama uzito unahama na kipimo chako ni uongo. Rehema alichungulia mara tatu, mpaka mama yake akamfunika uso kwa kanga.

Tukaona ugonjwa. Upande wa kulia ulikuwa mzito kuliko wa kushoto, na nyuma kulielemewa. Kwenye njia ya kukata kushoto, kona yenyewe inakusukumia kulia. Ukifika pale tayari umelemea kulia, matairi ya kushoto yanabaki kupapasa tu, na mbele pakiwa pepesi unazungusha usukani kigari kinanyooka. Rehema alikuwa anaachia pedali ya mafuta kila kona ili asiende shambani. Wenzake walimpita hapo.

Nikatazama kiti. Kilikuwa kiti cha plastiki cha harusini, kimekatwa miguu, kimefungwa juu ya fremu badala ya kuzamishwa ndani yake, katikati kabisa, wakati injini iko kulia.

"Hiki nani alifunga?"

"Mimi, mzee."

"Mbona cha Deo umekizamisha? Mbona vya wenzako vyote vimesogezwa kushoto?"

"Vya kwao nilipima. Changu nilikifunga mwisho, nimechoka, nikasema kwa mwili huu pa kukaa patapatikana tu."

Wanangu, nilisikia uchungu. Huyu mtu aliwapimia wenzake wote kwa kamba na chaki, akajifungia mwenyewe kwa kukisia. Nilitaka kusema neno la hekima, nikaishia kumwambia awashe mashine ya kukatia.

Tukakata bomba la chini ya kiti, tukakizamisha mpaka karibu kiguse chini, tukakivuta kushoto na kukisogeza mbele kidogo, tukapima, tukasogeza tena. Mwisho kushoto kukawa kuzito kuliko kulia, kiasi tu. Msizidishe, mkizidisha tairi la kulia la mbele linakosa kazi na kigari kinakuwa kizembe. Halafu nikambadilishia spoketi ya nyuma, ile sahani ya meno inayozungushwa na mnyororo, nikampa yenye meno mengi zaidi. Spoketi kubwa inapunguza mbio za mwisho lakini inakupa nguvu ya kuondoka kwenye kona, na njia yetu iliyonyooka ni fupi, kabla hujafika mbio za mwisho umeshafika kona nyingine. Dereva wa kiwanja kirefu angefanya kinyume. Angalia kiwanja chako kwanza, ndipo uangalie spoketi.

Siku ya mwisho upepo ulikuwa mkali na vumbi lilijaa midomoni. Mizunguko ya kwanza Rehema alikuwa nyuma ya Deo, na nilijua sababu: hakuamini. Mguu wake ulikuwa bado na mazoea ya kuachia mafuta kwenye kona. Nikasimama juu ya jiwe, nikapunga mikono kama mwendawazimu, nikapiga kelele ambazo haiwezekani alizisikia. Ukaja mzunguko mmoja nikasikia injini yake haikushuka sauti kwenye kona. Ilibaki juu vile vile, inaimba. Nikajua ameamini. Deo alitanuka nje kama kawaida yake, Rehema akapita ndani, chini kabisa, matairi yote manne yakiwa ardhini, na alipotoka kwenye kona alikuwa ameshamwacha. Alimpita na mwingine mmoja kabla ya bendera. Nililia, na sitasingizia vumbi.

Lakini bado mizani. Tulikuwa tumekata bomba, naye hakuwa na nyongeza yoyote, na mafuta yameungua njiani. Kigari kikapandishwa kwenye mlango wa mbao tunaoulaza juu ya mizani ili kigari kizima kienee, Rehema akiwa ndani, anatazama mbele. Anayesoma mizani ni Mama Rehema, mwaka wote, na hakuna aliyependekeza abadilishwe. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukasimama. Mama aliinama, akasoma, akasoma tena kwa upande wa pili, na uso wake haukusema kitu.

"Kimefika," akasema. "Shusheni, aje mwingine."

Tulikibeba kigari kwa makelele mengi. Rehema hakuondoka. Alivua kofia ya chuma, akavua buti, akatuomba tuuondoe ule mlango, akapanda mizani peke yake, miguu mitupu, mbele ya wote.

"Nipime, mama."

Mama yake akamsogelea, akashusha sauti. "Mwanangu, si lazima."

"Najua si lazima. Soma. Kwa nguvu, kama unavyosoma magunia."

Mama Rehema akatutazama sisi wanaume wote mmoja mmoja, na nadhani angecheka mtu angekula kofi. Akasoma kilo za binti yake kwa sauti, zote, hata zile za mwisho. Hakuna aliyecheka. Rehema akaitikia kwa kichwa kama fundi aliyeletewa kipimo cha dirisha, akashuka, akavaa buti. Kisha akamgeukia Deo, aliyekuwa amesimama pembeni na kofia mkononi, ametoka kupoteza nafasi yake.

"Wewe, Jumatatu uje karakana na kigari. Vile vyuma umevifunga nyuma mno."

"Nakuja, dada," akasema Deo, naye akaanza kufungua kamba za viatu vyake, macho kwenye mizani.